Kanigonga yeye, nadai kwangu? Jibu kwa wateja wangu wa Minnesota

Mimi ni wakala wa bima ya magari hapa Minnesota, Marekani. Wiki iliyopita kaingia mteja wangu mmoja ofisini, mama wa makamo, shingo imekaza, akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima, na kabla hata hajakaa kaniambia neno moja: "Umenila." Salamu hakuna. Kagongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, kijana aliyemgonga kakiri palepale, polisi kaandika, halafu mimi kwenye simu nikamwambia afungue madai kwenye bima yake mwenyewe. "Nimesimama zangu, kanigonga, halafu nijilipe mwenyewe? Miaka sita nakuletea hela wewe."

Sikumlaumu, nikamvutia kiti. Hili swali nalisikia kila baada ya siku chache na kila mtu anakuja nalo akiwa na hasira ileile, kwa hiyo leo naandika jibu lote ili mwingine akiuliza nimtumie link tu.

Wengi wetu tumezoea kwamba mwenye kosa ndiye anayelipa, basi. Minnesota, kwa upande wa mwili wako, siyo hivyo, na siyo kwamba kampuni imejitungia, ni sheria ya 1974 iliyoanza kazi 1 Januari 1975. Ukiumia kwenye ajali ya gari, bili za matibabu na mshahara unaoukosa vinaanza kulipwa na bima yako wewe, bila kuuliza nani kakosa. Kubishana nani kakosa kunachukua miezi, wakati mwingine miaka, na mgongo hausubiri. Kizungu chake ni no-fault, kwenye karatasi yako utaona PIP, wateja wangu wanaiita "pipi" na nimeshaacha kuwasahihisha.

Pipi ya kiwango cha chini kabisa kisheria ni dola 40,000 kwa kila aliyeumia: 20,000 za matibabu, na 20,000 nyingine za mshahara, kazi za nyumbani, na Mungu apishe mbali, mazishi mpaka 5,000. Hizo hela umeshazilipia jamani. Kila mwezi ukilipa premium kuna kipande chake mle ndani, sasa ukikataa kuzitumia kwa sababu "sikukosa mimi" ni sawa na umenunua mwavuli, mvua imekuja, unaubeba kwapani umeufunga kwa sababu siyo wewe uliyeleta mvua.

Kuna kaka mmoja alinigomea kabisa. Akasema yeye anasubiri bima ya aliyemgonga, na adjasta wa kule, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia madai, alikuwa anaongea naye vizuri sana kwenye simu, mpole, anamuuliza hali ya watoto. Kitu ambacho hakuambiwa ni kwamba bima ya yule mwingine hailipi bili moja moja zinavyoingia, inalipa mara moja mwisho mkishakubaliana, na mwisho wenyewe ni lini hakuna anayejua. Miezi mitano ikapita. Bili zikaenda kwa wakusanya madeni, kliniki ya mazoezi ya mgongo ikamsimamisha kwa sababu hakuna anayelipa, naye akakaa nyumbani anameza dawa za maumivu za dukani. Aliponirudia tukafungua pipi, bado alikuwa ndani ya muda, maana mkataba unaweza kukuwekea muda wa kutoa taarifa ila sheria inasema usiwe chini ya miezi 6 tangu ajali. Lakini lile pengo la matibabu lilimponza. Kampuni ikauliza, kama mgongo ulikuwa unauma hivyo mbona wiki kumi hukwenda kwa daktari? Wakampeleka kwa daktari wao, hiyo wanaruhusiwa, daktari wao akaandika kwamba kapona, malipo yakakatwa. Ikabidi aende kwenye usuluhishi, ambao kwa madai yasiyozidi dola 10,000 ni lazima upite huko badala ya mahakamani. Alipata kitu, ila kidogo, na kikachelewa.

Wa pili ni wale wa "tumalizane hapahapa". Huyu nilimwambia ningemwandika siku moja. Kagongwa kwenye maegesho ya duka wakati wa barafu, mwenye kosa kamwambia bro tusiwasumbue polisi, nakutumia 600 kwenye simu sasa hivi, akapokea, wakapeana mikono, kila mtu akaenda zake. Namba ya bima ya yule mtu hakuchukua, hata jina lake kamili hakulijua, alilonalo ni lile jina la kwenye app lenye emoji ya mpira. Asubuhi hakuweza kuinuka kitandani. Na fundi alipofungua bampa akakuta nyuma yake sensa imepasuka na chuma kimepinda, bili ikapita 3,000. Sasa sikiliza vizuri hapa maana watu wanachanganya: pipi ilimsaidia kwa mwili wake kwa sababu pipi haijali nani kakosa, lakini gari siyo mwili. Gari kwa Minnesota bado linafuata kosa. Ama bima ya aliyekugonga ilipe, ama wewe uwe na ile bima ya kulipia gari lako mwenyewe. Yeye hakuwa nayo, aliitoa mwaka juzi ili apunguze dola 31 kwa mwezi, na niliandika kwenye faili lake tarehe na saa aliyonipigia kunilazimisha niitoe.

Ndiyo maana nikiambiwa bei yangu iko juu kuliko ya kwenye mtandao naomba nione karatasi ya mtandaoni. Kila mara. Unakuta kweli iko chini, halafu unasoma: bima ya kulipia gari lako mwenyewe haimo, ile ya kulipia mali ya wengine ukiiharibu ni 10,000 ambayo ndiyo kiwango cha chini kisheria, na siku hizi mtaa huu gari la kuligonga halafu ukalilipa kwa 10,000 likaisha ni lipi? Na kijana wa miaka 19 anayeishi hapohapo nyumbani na kuendesha gari hilohilo hajaandikwa. Mimi simuuzii mtu karatasi ya hivyo bila kukaa naye ukurasa kwa ukurasa, hata kama anaangalia saa. Nachelewa, najua. Wateja wananinunia.

Kitu ninachokipigania zaidi ni ile ya kuunganisha pipi za magari yako mawili zikawa moja, Kizungu chake stacking. Haiji yenyewe, lazima uichague. Familia moja walikuwa na magari mawili, mzee akaniambia weka tu, sielewi lakini weka. Mwaka uliofuata mke wake kagongwa ubavuni, upasuaji wa bega, na 20,000 za matibabu ziliisha kabla hata hajaanza mazoezi. Kwa sababu ziliunganishwa alikuwa na 40,000 za matibabu. Tofauti ya bei yake kwa mwezi ni ndogo sana, ukienda kula nje watu wawili inapita.

Turudi kwa mama wa shingo. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa bili zilizokunjwa, nyingine hata hajazifungua bahasha. Kosa la kwanza, hospitalini alitoa kadi ya bima ya afya, hakusema ni ajali ya gari, kwa hiyo bili zikaenda kusikostahili na zikaanza kurudi. Kwenye ajali ya gari pipi inatangulia, bima ya afya inakuja pipi ikishaisha. (Ukiumia ukiwa kazini, bima ya wafanyakazi ya mwajiri ndiyo ya kwanza. Na pikipiki haimo kabisa kwenye pipi, wenye pikipiki njooni tuongee kivyenu.) Tukapiga simu kliniki moja baada ya nyingine kutoa namba ya madai. Saa mbili nzima kwenye simu, na hiyo silipishi, mnaosema nakula hela.

Kosa la pili lilikuwa kwenye fomu, na hili nataka mlione vizuri. Pipi inalipa asilimia 85 ya mshahara ghafi unaoukosa, mwisho dola 500 kwa wiki. Yeye anafanya kazi mbili, nyumba ya wazee asubuhi 320 kwa wiki na usafi jioni 240. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa mwajiri, akaandika mmoja. Kwa hiyo kampuni ikampigia hesabu ya asilimia 85 ya 320, dola 272. Nikamuuliza na ile ya jioni? "Nilidhani ni moja tu wanataka." Tukachukua karatasi ya ziada, tukaambatanisha stabu, zile karatasi za malipo ya mshahara, za kazi zote mbili na barua ya daktari ya kumzuia asinyanyue vitu: 560 kwa wiki, asilimia 85 yake 476. Tofauti ni 204 kila wiki, na daktari kamzuia wiki tisa. Piga hesabu mwenyewe, ni dola 1,836 ambazo zilikuwa zinapotea kwa sababu ya mstari mmoja. Halafu kuna wale wanaolipwa taslimu bila karatasi, hao sina la kuwafanyia, kampuni inataka ushahidi na mimi siwezi kuutengeneza, msiniombe tena.

Kazi za nyumbani nazo zinalipwa ukimtafuta mtu wa kukufanyia, mpaka 200 kwa wiki, kuanzia siku ya nane baada ya kuumia. Chukua risiti. Na kampuni ikishapata ushahidi wa kutosha ina siku 30 za kulipa, ikichelewa kuna riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Huwa naitaja hiyo riba kwenye barua pepe kwa upole kabisa, mstari wa mwisho.

Abiria mnaoniuliza: ukiumia ndani ya gari la rafiki unaanza na pipi yako au ya ndugu unayeishi naye, hakuna ndiyo mnakwenda kwenye pipi ya gari mlilokuwemo. Asiye na bima popote kuna mpango wa jimbo wa madai ya namna hiyo, ila kama una gari lako na umeliacha bila bima, mlango huo kwako umefungwa.

Sasa kuhusu kumshtaki yule kijana kwa maumivu. Pipi hailipi maumivu yenyewe, inalipa gharama. Kumdai aliyekugonga kwa maumivu kunataka uvuke kizingiti: matibabu yapite dola 4,000 bila kuhesabu picha za eksirei, au uumie kwa kudumu, au ubaki na kovu la kudumu, au ushindwe kufanya shughuli zako siku 60 au zaidi, au kifo. Ukifika hapo nenda kwa wakili, mimi ni wakala, herufi mbili tu zinatutofautisha lakini shule ni nyingine. Na wale wanaokupigia simu siku ya pili baada ya ajali, hujawahi kuwasikia, wanajua jina lako na wana kliniki "nzuri" ya kukupeleka, kata simu. Kulipa watu wa kuwinda majeruhi ni kosa la jinai hapa.

Mama aliondoka kasalimia sasa. Jana kanipigia, malipo ya kwanza yameingia, na katikati ya mazungumzo akataja kwamba kila akienda kliniki anampa mpwa wake dola 40 amtafsirie. Nikanyamaza. Huduma ya mkalimani kwa ajili ya matibabu imo ndani ya pipi, imeandikwa kwenye sheria, ila ndugu wa mgonjwa hahesabiki. Kashakwenda mara kumi na moja. Nilipaswa kumuuliza siku ileile alipokaa kwenye kile kiti, sikumuuliza, kwa hiyo hapo kama anasema kaliwa, kaliwa. Miadi ya Alhamisi nimeshampigia kliniki wamletee mkalimani wao.