Mkoba wa viraka kabla ya Ijumaa

Ngamiani, Tanga
Jumanne jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniambia mkoba unatakiwa Ijumaa jioni na hujakata hata kipande. Muda upo, ila uamue mapema utabania wapi. Bania kwenye idadi ya viraka. Kwenye pasi usibanie hata dakika.

Ukikata viraka vya inchi 3, pande mbili za mkoba zitakula 98. Ukikata vya inchi 5, vinatosha 32, yaani vinne kwa vinne kila upande. Kila ukingo uachie mshono robo inchi, na kila upande utatoka inchi 18 na nusu. Kwenye kifurushi nimekuwekea 40, mabaki ya kitenge kutoka kwa mafundi wa huku barabara za namba, na vinane ni vya akiba. Vyote pamba. Ukiongeza vyako, chomoa nyuzi mbili uziunguze: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, polista huyeyuka ikaganda kitone kigumu, na chini ya pasi ya moto itakusinyaa. Kanga mpya nyekundu isugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoa rangi, iache.

Hiyo robo inchi usiikadirie kwa macho. Bandika plasta kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, ukingo wa kiraka uifuate. Mshono ukizidi 1/16 tu ya inchi, unakula viraka viwili kwa pamoja, yaani 1/8. Safu ina mishono mitatu, basi imepungua 3/8, na haitakutana tena na mwenziwe. Shona viwili viwili mfululizo bila kukata uzi katikati, kama vibendera vya maulidi, kisha uvitenganishe kwa mkasi.

Sasa pasi. Safu ya kwanza laza mishono kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, ya nne kushoto. Ukizikutanisha safu uso kwa uso, tuta la mshono wa huku litajibana na tuta la kule; pitisha kidole kwenye makutano, usiposikia pengo wala mpando, piga pini hapo hapo. Pasi uiweke na kuinyanyua. Ukiiburuta, kitambaa kinavutika na kiraka cha mraba kinakuwa jahazi. Umeme ukikatika, ya mkaa inafaa, ila pukuta majivu na uipitishe kwenye jani la mgomba kabla ya kugusa kitenge.

Tabaka za kila upande ni tatu: chini marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, katikati blanketi jepesi kuukuu, juu viraka. Marekani na blanketi vikate inchi 20 na nusu, kwa sababu mishono ikipita kitu kizima hujikusanya. Sponji ya mafundi makochi usiitake. Mguu wa cherehani hauitawali, na joto la pasi linaiharibu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kila inchi 4, kuanzia katikati kwenda nje, la sivyo blanketi litakimbia na marekani itajikunja chini bila wewe kujua.

Badilisha sindano: viraka ulishonea namba 90, hapa kwenye kushona tabaka zote tatu pamoja weka 100, na mshono uwe mrefu kidogo, minane kwa inchi. Chora kwa kipande cha sabuni mistari ya mshazari kutoka pembe ya kiraka hadi pembe, itakuwa saba. Anza na ule mrefu wa katikati, na yote uishone kuelekea upande mmoja. Ukienda na kurudi, kitambaa kinapindana kama kamba. Upande wa marekani utafichwa na bitana, kwa hiyo ukiona uzi umelegea kidogo huko, usipoteze saa kuufumua. Ukimaliza, toa bandi, kata kila upande uwe inchi 18 kamili.

Kuunganisha ni rahisi. Shona mbavu na kitako kwa nusu inchi, bana kila pembe ya chini iwe pembetatu, ushone kuikatiza pale upana unapofika inchi 4. Bitana ifanye vivyo hivyo, ila iwe nyembamba kwa nusu inchi isije ikajaa ndani, na kwenye kitako chake uache tobo la inchi 6. La inchi 3 halitapitisha mzigo huo.

Mishikio ikate inchi 4 kwa 26, ikunje mara nne. Kamba ya mkonge, japo ndiyo sifa ya Tanga, inakwaruza bega. Mkoba wa viraka ukiwa umegeuzwa uso nje, uingize ndani ya bitana iliyogeuzwa, uso kwa uso, mishikio katikati ikiangalia chini. Ncha za mishikio zitokeze inchi moja juu ya ukingo. Shona mdomo kuzunguka, na juu ya kila mshikio urudie mara tatu. Mkoba huanza kukatikia hapo. Kisha ugeuze wote kupitia lile tobo la bitana, na tobo ulishone.

Alhamisi usiku ikikukuta hujapiga mistari saba, piga mitatu tu, wa katikati na mmoja kila upande, kisha funga vifundo vya uzi mnene kwenye makutano yaliyobaki.

Nijulishe kama kitenge cha bluu kimetosha, kipo kingine.

Wako,
Zuhura