Kiporo, kisima na kanda zetu mbili

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba,

Salaam nyingi, na pole na joto la Muscat. Huku wote wazima, mama naye hajambo isipokuwa yale magoti. Umeniuliza kama hapa saluni watu bado wanagombana kwa ajili ya wanamuziki wetu wawili, Mondi (Diamond Platnumz) na Kiba (Ali Kiba). Wanagombana, na jana nusura yanikute makubwa.

Kuna mteja wangu wa kila Jumamosi. Nimeshamfunga kitambaa, mashine iko nyuma ya sikio, kijana mmoja kwenye benchi akapayuka: "A Boy from Tandale si albamu, ni kiporo. Nyimbo kibao tulishazila za moto, Mondi akazikusanya 2018, akazipasha, akatuuzia tena." Sasa huyu mteja ni Timu Mondi wa damu. Aligeuka ghafla kama kaitwa na mkewe, mashine ikachora barabara kutoka sikioni mpaka kisogoni. Saluni nzima kimya. Nikajua leo nimekwisha. Jamaa wala hakujishika kichwa, kamnyooshea kijana kidole: "Kwani kiporo cha wali, asubuhi, na chai ya rangi, wewe hujawahi kukifaidi?"

Nilimnyoa kipara. Hela hakutoa, nami sikumdai.

Ukiniuliza mimi, wote wawili walisema kweli. Ile albamu ina Ne-Yo, ina Rick Ross, ina Omarion. Ukiisikiliza moja kwa moja unamsikia mtu anayezunguka anabisha hodi kwa wakubwa wa nje, kila wimbo na mlango wake. Milango ilifunguka, hilo silikatai. Ila mimi niliitaka Tandale, mtaa aliokulia, na Tandale yenyewe mle ndani ni ya kupimiwa kwa kijiko.

Kiba naye hakupona. Dereva wa bodaboda aliyeingia kuchaji simu tu, hata kunyoa hanyoi, akasema: "Yule ni jirani mwenye kisima. Maji anayo, kamba hatoi." Ilibidi nizime mashine nicheke. Maana tangu albamu ya Cinderella ya 2007 sijamsikia mtu, hata Timu Mondi, akisema Kiba hajui kuimba. Kinachowachosha watu ni kungoja. Na alipotoa albamu ya Only One King, 2021, nikakuta Sauti Sol wamo, Sarkodie yumo, Patoranking yumo. Mfalme mmoja, waalikwa ukumbi mzima! Sauti yake lakini imetulia mle. Naisikiliza usiku nikishafunga duka.

Harmonize wanamsema kwamba zamani ukifumba macho ulikuwa unamsikia bosi wake, Mondi. Sawa, lakini tangu atoke Wasafi, lebo ya Mondi, 2019 mbona anajulikana hata akikohoa? Zuchu ndiye ananitia uchungu. Mtoto wa Khadija Kopa, taarabu iko kooni tangu tumboni kwa mama, halafu wanamvalisha midundo ambayo msichana yeyote angeivaa. Akiiachia ile sauti ya nyumbani kidogo tu, mwili unanisisimka.

Yule mzee wetu wa magazeti bado yupo, bado na bendi yake ya dansi, Msondo. Anasema nyimbo za siku hizi zinakwisha kabla hajapata mtu wa kucheza naye. Na bado ana kinyongo na mwimbaji Gurumo kuhama Msondo kwenda kwa mahasimu wao Sikinde mwaka 1978. Swahiba, Gurumo alikuja kurudi Msondo, na amefariki tangu 2014, lakini mzee anaongea kama aliondoka juzi na begi lake. Nikimsikia hivyo, hawa wanaolia Harmonize kahama nawaona watoto wadogo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Nilikuwa napangua vitu chini ya kitanda nikakutana na kanda zetu mbili, Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay na Ugali ya Juma Nature. Nikaazima redio ya fundi jirani. Profesa kwanza. Ilipofika Ndio Mzee, yule mgombea na ahadi zake za uongo, nilicheka kama tulivyocheka enzi zile, kisha nikakumbuka kwamba Profesa mwenyewe alikwenda kuomba kura Mikumi akapata, akawa mbunge 2015 hadi 2020. Nikairudisha nyuma nikaisikiliza upya. Haijachuja hata kidogo.

Nikaweka Nature. Ndugu yangu, usinipige. Nyimbo tatu nne bado zinachoma vilevile. Zilizobaki, niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Na wewe kwa ajili ya kanda hiyohiyo ulitaka kupigana na kondakta pale Temeke! Nimekaa nikajiuliza tulikuwa tunatetea nini. Halafu nikakumbuka tuliinunua kwa hela ya chipsi ya wiki mbili, nusu kwa nusu. Ukishashinda njaa kwa ajili ya albamu, utakubali vipi kwamba upande wa pili ni mbovu? Hawa vijana wa benchi wananunua bando la buku wanawasikia wasanii wote wa dunia, hawajalala njaa kwa ajili ya mtu. Ndiyo maana midomo yao haina huruma, na mara nyingi, nikubali tu, wanapatia.

Jambo moja nimelichelewesha makusudi. Ile redio ya fundi ilitafuna mkanda wa Nature, upande wa kwanza, palepale kwenye wimbo wako. Nimeukata na wembe wa saluni, nikaunga kwa selotepu, nikazungushia kalamu ya Biki kama zamani. Unaimba, ila ukifika katikati unaruka. Ukija mwezi wa kumi na mbili njoo usikilize mwenyewe, na nusu yako ya hela sikurudishii.

Wako,
Kinyozi