Kazi ya wazee tunaipenda, inayotushinda ni ratiba

Mhariri,

Kila nikisoma habari za nyumba za kulelea wazee naona lawama ni zile zile, eti wahudumu siku hizi hawana moyo, wanaacha kazi hata hawajazoea, kwa hiyo watafutwe watu wenye wito. Jamani wito tupo nao. Asiye na wito hamalizi wiki ya kwanza, umuogeshe mtu mzima aliyejichafua usiku huku anakutukana kwa sababu ugonjwa wa kusahau umemwambia wewe ni mwizi, na kesho urudi umsalimie shikamoo kama kawaida.

Kinachotumaliza ni muda. Chukua mzee aliyepooza upande mmoja, kumvalisha shati unaanza na mkono ule mgonjwa halafu ndio ule mzima, na ukimpa nafasi vifungo anafunga mwenyewe, kimoja kimoja, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akimaliza anakuangalia kwa ushindi. Sasa hapo kengele inalia chumba cha pili, kuna bibi wa kugeuzwa asije akapata vidonda vya kulalia, chai ya mwingine inapoa, nesi anaulizia fomu, basi vifungo unafunga wewe, fasta fasta. Leo hivyo, kesho hivyo, mwisho mzee hata mkono hainui tena, anasubiri tu avalishwe. Ukiona hivyo unarudi nyumbani umechoka uchovu ambao kulala hakuuondoi, maana kazi unaijua na hujaifanya.

Halafu linatoka tangazo la mfanyakazi bora wa mwezi, na keki juu. Keki tunakula, sikatai. Lakini yule mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walishaandika tangu 1959 kwamba yanayomkera mtu kazini, kama mshahara na mazingira, si yale yale yanayompa raha ya kazi, ukiondoa kero umeondoa kero tu, raha inatoka kwenye kazi yenyewe. Nyie mnatupa keki wakati hata kero hazijaguswa!

Australia baada ya tume yao iliyochunguza huduma za wazee kutoa ripoti 2021 angalau walishika kalamu, kuanzia Oktoba 2024 sheria inataka wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, 44 kati ya hizo ziwe za nesi aliyesajiliwa, na kabla ya hapo, 2023, wahudumu wao walishaongezewa mshahara asilimia 15. Dakika za kwenye karatasi zinaweza zisimfikie mzee kitandani, najua, ila angalau mtu akizidiwa ana namba ya kumuonyesha bosi.

Jambo jingine hata halizungumzwi. Unamhudumia babu muda mrefu, unajua anapenda uji wa moto kiasi gani, unaenda mapumziko, ukirudi mlangoni kuna jina la mtu mwingine. Hakuna aliyekupigia simu kwamba babu amefariki. Ndugu walikaa kikao, wakashukuru ofisi, na wewe uliyekuwa unamkata kucha unaambiwa haya, chumba 6 kina mgeni.

Sasa wakubwa wakisema bajeti hakuna, sawa, tuanzie pale pasipotaka bajeti. Mhudumu abaki na wazee wale wale, asirushwe leo ghorofa ya juu kesho ya chini, mzee mwenyewe anatulia akiona sura anayoijua na wewe huanzi kila asubuhi kuuliza sikio lipi linasikia. Tukae kwenye kikao cha kupanga huduma ya mzee, hata robo saa. Na anayepanga ratiba anaweza kuanza wiki ijayo tu, kabla hajaibandika ukutani atuulize nani amezoeana na nani.

Mhudumu, zamu ya asubuhi