Usimhasi Kamanda

Bukwo, Uganda, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka huku juu mlimani. Sisi wazima, ila mvua inatutesa. Barabara imerudi kuwa tope, lori la mahindi limekwama tangu Alhamisi, na punda wanapita kando yake na magunia yao kama hawalioni. Mama Chebet anasema umwambie shemeji kwamba vitenge vilifika.

Umeniuliza kama namjua mtu wa kuaminika wa kumhasi Kamanda, punda wako dume. Namjua. Lakini kabla sijakutumia namba yake, nisikilize.

Mwezi uliopita mpwa wangu anayesomea udaktari wa mifugo alikuja likizo na kazi ya darasani: apeleke nywele za punda, wajifunze kutoa vinasaba. Nilidhani atazikata kwa mkasi. Wapi! Alizing'oa. Unazungusha nywele chache za shingoni kwenye kidole, karibu kabisa na ngozi, halafu unavuta mara moja. Jike wangu aligeuka akanitazama mimi, si yeye, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuza. Kijana akaziinua juani, nikaona kila unywele una kijidonge cheupe mwishoni, kama kitunguu kichanga. Humo ndimo mna vinasaba. Unywele uliokatwa bila mzizi hauna maana kwao. Akazitia kwenye bahasha ya kaki, maana ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, unyevu unaziozesha.

Usiku tukiwa jikoni nikamuuliza zinasema nini. Akanieleza kwamba kuna vipande vya vinasaba vinavyojirudiarudia, na hesabu ya marudio hutofautiana kati ya punda na punda. Kila mmoja ana nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ukilinganisha vipande kumi na kitu hivi unamjua baba, hata kama mwenye punda anaapa vingine. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu.

Hapa kwetu madume wenye migongo mipana tumewahasi wote, wasipigane wala kukimbilia majike njiani na mzigo. Aliyebaki mzima ni yule wa jirani, mwenye kwato zilizopinda. Hakuna aliyejisumbua kumhasi kwa sababu hafai kubeba hata debe la maji. Basi huyo ndiye baba wa karibu kila mtoto wa punda aliyezaliwa kijijini kwa miaka sita, na sasa anapanda binti zake. Kwa ng'ombe hatufanyi ujinga huo. Fahali tunamchunguza kama mkwe. Punda tunamwachia Mungu.

Utaniambia mbegu za kiume zigandishwe, kama zile za ng'ombe wa maziwa zinazokuja kwenye mtungi wa baridi. Nami nilimwambia hivyo hivyo. Kumbe mbegu ya punda ikigandishwa hushika vizuri zaidi kwa farasi jike kuliko kwa punda jike mwenyewe, ambaye tumbo lake la uzazi hupata uvimbe na mara nyingi mimba haiingii. Fikiria hilo! Kumpata nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi asiyezaa, ni rahisi kuliko kumpata punda. Kwa hiyo kwa sasa ghala la mbegu ni dume anayetembea kwa miguu yake minne, na lako ni Kamanda. Usinisifie weusi wake tena, rangi ni mambo ya jeni chache tu. Mimi nilimwona akipanda kile kilima na gunia la mahindi bila kusimama kupumua.

Jambo jingine lilinifurahisha mno. Mwaka 2022 watafiti, wakiongozwa na maabara ya Toulouse huko Ufaransa, walitoa matokeo baada ya kusoma vinasaba vya punda 207 wa leo pamoja na mabaki ya wa kale 31. Wakaona kwamba punda wote duniani wanatokana na ufugaji ulioanza mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, na ulianzia huku Afrika Mashariki. Si Misri, si Uarabuni. Sisi tuliozoea kuambiwa kila kitu kilikuja kwa meli! Na punda mwitu wa Afrika, jamaa zao waliobaki porini kule Eritrea na Ethiopia, waliokomaa hawafiki hata 200.

Wa kufugwa nao usidhani hawapungui. Kenya walihesabiwa kama milioni 1.8 mwaka 2009, na 2019 wakawa kama milioni 1.2. Katikati hapo yalifunguliwa machinjio ya kutafuta ngozi, ichemshwe huko China itoke ile dawa yao, ejiao. Unakumbuka wangu wawili walivyopotea usiku mmoja, tukafuata nyayo hadi mtoni zikaishia hapo. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15. Nimefurahi, ila marufuku haimzuii mtu kumhasi dume wake mzuri.

Nimenunua daftari. Kila punda anayezaliwa naandika mama, baba (au "inasemekana"), kwato, na mwezi. Kurasa mbili zimejaa na jina la baba ni lile lile.

Ombi langu: mlete Kamanda akae kwangu wiki tatu barabara ikikauka. Majani yapo, na nitamfunga mbali na yule mwenye kwato. Ninao majike watatu. Malipo yako ni mtoto mmoja akishaachishwa kunyonya. Akiwa jike namtaka mimi, akiwa dume tutabishana. Mimba yao ni mwaka mzima, muda wa kubishana upo.

Ndugu yako,
Musobo