Muhuri hauazimwi

Wanangu wasanifu majengo mliosajiliwa mwaka huu,

Hongereni. Kabla cheti cha Bodi inayotusajili hakijatundikwa ukutani, atabisha hodi mtu mwenye ramani kwapani na bahasha ya kaki. Ramani kachora kijana asiye na usajili. Kilichobaki ni muhuri wako tu, halmashauri itoe kibali. Dakika tano.

Mimi niligonga. Nilidaiwa kodi ya ofisi miezi mitatu. Nyumba ya familia, nikaambiwa, ghorofa tatu. Baadaye nikapita mtaa ule kwenye daladala, nikaona mafundi wanapandisha ya tano. Nikashuka. Nguzo ya kona ilikuwa bado haijamwagwa zege. Nikapima nondo: milimita 12, ramani inasema 16. Ringi zinazofunga nondo zimeachana hadi mkono wangu ukapita. Msimamizi akaniuliza, "Wewe mzee nani?" Jina langu lilikuwa getini, kwenye ubao wa mradi.

Nilirudisha bahasha, nikaiandikia halmashauri isimamishe ujenzi, kisha nikajipeleka Bodi mwenyewe. Niliadhibiwa, nilistahili.

Mnakumbuka Ijumaa Kuu ya 2013, jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka. Watu 36 walikufa. Waliofikishwa mahakamani hawakuwa wenye jengo peke yao. Walikuwamo wataalamu wa ujenzi na watumishi wa manispaa. Ukishagonga muhuri, huwezi kumwambia hakimu kwamba saiti hukuwahi kufika.

Muuza vigae atakupa chochote umpendekeze kwa mteja. Mwambie ampunguzie mteja bei. Na mkataba uandikwe kabla hujachora mstari wa kwanza, useme ramani inajenga nyumba ngapi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda hata kazi za usanifu majengo, lakini nimeona mteja akilipia nyumba moja akajenga nne, na msanifu hana karatasi hata moja ya kumbana nayo.

Msiwachukie hao wanaochora bila usajili. Wengi ni wanafunzi wetu tuliowakosesha nafasi ofisini. Yule aliyechora ramani ile nilimtafuta. Mistari yake ilikuwa safi kuliko yangu. Nikampa meza karibu na dirisha, akafanya kazi chini yangu mpaka akafaulu mitihani ya Bodi. Siku hizi ana muhuri wake. Anaufungia kwenye droo, na ufunguo hata mimi hanipi.

Mzee wenu,
Dar es Salaam