Barua ya wazi kwa Sheha wetu: uzio upi ulotaka tuutoe?

Sheha, mkuu wa shehia yetu, assalaam alaykum. Nakuandikia huku hadharani kwa sababu ofisini nimekuja mara tatu, mara umekwenda mjini, mara uko kikaoni, mara ya tatu mlango uko wazi, kiti kitupu, feni inazunguka peke yake. Basi nisome huku.

Ni lile tangazo ulobandika pale dukani. Uzio wowote ulioko pwani uondolewe ndani ya siku 14, na mhuri chini, basi. Sheha, wewe mzaliwa wa hapahapa, si mgeni ulokuja juzi, wajua watu wetu ukiwatajia uzio wanaelewa nini. Mvuvi kwake uzio si ukuta wala geti, uzio ni mtego, zile fito zinosimamishwa kwenye maji madogo zikafungwa kwa kamba, maji yakijaa samaki wanaingia, yakitoka wanabaki ndani, wengine wanauita wando. Kuna mzee wa mtaani kwetu kasomewa tangazo na mjukuu wake, maji yalipotoka tu kaingia kazing'oa fito zake zote, moja moja, kazibeba begani mpaka chini ya mkungu, kakaa pale anafungua mafundo kwa meno kwa sababu kamba ikishalowa chumvi haifunguki kwa vidole. Namuuliza vipi mzee wangu, ananambia serikali imesema. Na fito za mkoko skuizi hukati tu ukajendea, mpaka kibali, wewe mwenyewe ndo wa kwanza kutukumbusha.

Haya, sie wanawake wa mwani. Shamba la mwani ni vijiti na kamba, safu kwa safu, ukiliangalia kutoka juu ya mchanga ni kama mtu kazungushia bahari. Kilimo hichi kimeanza huku pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, tangu 1989 na hakuna alowahi kukiita uzio, lakini wenzangu wawili wamekuja kwangu usiku wanauliza na sie tung'oe? Nikawambia ngojeni. Mwengine hakungoja, yeye hana shamba la mwani, ana makumbi ya nazi anayoyaozesha pwani. Yale mawe alozungushia shimo lake la makumbi kayatoa kwa khofu, bamvua, yale maji makubwa, lilipokuja makumbi yakaenda na maji, miezi yote yale yameoza vizuri, usumba, zile nyuzi za kusukia kamba, ulikuwa tayari kupigwa. Hilo mie limeniuma kuliko la mzee.

Tatizo neno lenyewe Sheha. Huku kwetu kila kizuizi kina jina lake na kila jina lina mambo yake. Ua ni ule wa makuti, na ua ni pale ndani tunapopikia, na mtu akikwambia nakwenda uani usimfate, haendi kupika. Shamba la maweni tunalijengea bigili ya mawe ili nguruwe wasituingilie kwenye mihogo, hiyo nayo hatuiiti uzio. Madalali wa mjini wao wana fensi, nyumba haiuziki siku hizi mpaka iwe na fensi. Na hao wenye Kiingereza chao pia hawajapona, mwanangu anatembeza wageni, mmoja kamwambia kwao anafanya fensingi, kijana akafurahi akataka kumpeleka kwa fundi wetu wabadilishane ujuzi, kumbe ni ule mchezo wa vitara, upo Olimpiki tangu ile ya kwanza ya 1896. Mgeni ikabidi aokote kijiti amuoneshe, mguu mbele mkono nyuma, watoto wakadhani anacheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo. Tena neno hilohilo kwao ni mtu anaenunua mali ya wizi. Kwa hivo si sisi tu.

Lakini wao hawajatubandikia tangazo.

Sasa nije kwa yule alojenga ukuta pwani, ambae kila mtu anajua tangazo lilimlenga yeye. Siku 14 zimepita, ukuta wake uko palepale, juzi kaupaka rangi. Vijana wamemuuliza pale barazani, kajibu kwa upole kabisa, mimi sina uzio, mimi nina ukuta, tangazo limesema uzio. Nikarudi dukani kulisoma tena. Kweli Sheha, ukuta hukuutaja.

Njia ile ya pembeni ya msikiti ndo alopita bibi yangu kwenda pwani na mama yake kabla yake. Leo natoka na gunia la mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yananiingia shingoni mpaka mgongoni, nafika kwenye ukuta nakata kulia, nauzunguka wote, na maji yakiwa yamejaa yanapiga msingi wa ukuta hakuna pa kukanyaga, basi natua gunia nangoja. Mara nyengine saa nzima. Sheria ya ardhi ya 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji wa nje anakodishwa, hauziwi. Alokodi kiwanja hajakodi njia, au mmempa na njia? Kama mmempa, tuambieni tujue.

Mie sitaki ugomvi na mtu. Nataka tangazo jengine. Andika UKUTA, andika unaanzia wapi unaishia wapi, andika njia ya msikitini ifunguliwe upana wa watu wawili wenye magunia kupishana. Na chini yake andika mzee arudishe fito zake, na jina lake ulitaje ili asije akadhani ni mwengine, maana bado zimelazwa chini ya mkungu na mbuzi wameshaanza kulala juu yake.

Ubao una nafasi upande wa kushoto, pale palipokuwa na ratiba ya chanjo. Pini ntaleta mie.