Nyumba kongwe za Mikindani ziwe malazi ya wageni, wenyewe wakiwa ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu nyumba kongwe za Mikindani, mji wetu wa pwani mkoani Mtwara, ambazo zinaendelea kubomoka mbele ya macho yetu huku tukizungumzia utalii wa kusini kila mwaka wa bajeti. Mfano nitakaoutoa ni wa Italia, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa mpira na kwa tambi, lakini ambayo imepambana kwa miaka mingi na tatizo hilihili letu.

Ukiacha Roma, Venice na miji mingine mikubwa, Italia imejaa vijiji vidogo vya mawe vilivyojengwa juu ya vilima tangu enzi za kati, kila kimoja na kanisa lake, uwanja wake na mara nyingi ngome yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walivikimbia vijiji hivyo kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Milano na Torino au ng'ambo, wazee wakabaki, na nyumba zikaanza kuanguka. Mwaka 1976 tetemeko la ardhi likabomoa vijiji vingi vya jimbo la Friuli. Nyumba zilipojengwa upya, wenyewe wengi walikuwa wamekwisha kuhama, na huko ndiko lilikochipukia wazo la hoteli iliyotawanyika kijiji kizima, wanayoiita albergo diffuso. Chumba kimoja kiko katika nyumba ya jirani na kanisa, kingine kiko juu ya duka, cha tatu zamani kilikuwa zizi, na vyote vinahudumiwa na mapokezi mamoja. Mgeni hukabidhiwa ufunguo akapita uchochoroni akisalimiana na watu, na chakula hukila palepale kijijini.

Kijiji kinachonigusa zaidi ni Santo Stefano di Sessanio, katika milima ya Abruzzo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Mwekezaji Daniele Kihlgren alinunua nyumba zilizokuwa karibu kuwa magofu, akazikarabati bila kuzibadilisha sura, kiasi kwamba hata kuta zilizoingia masizi ya jikoni ziliachwa na masizi yake. Wakulima wa huko hulima adesi ndogo nyeusi ambazo zamani zilikuwa chakula cha kawaida cha wanyonge wa milimani, na leo mgeni husafiri kutoka mbali ili azile mahali zinapoota. Hakuna jengo jipya la kifahari lililohitajika.

Sasa tuitazame Mikindani. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haiangushwi na umri, huangushwa na paa. Bati likishang'oka, mvua ya masika huingilia kichwani mwa ukuta, chokaa hulowa na kumomonyoka, boriti za mikandaa zilizobeba dari huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, na baada ya misimu michache mche wa mkuyu unakuwa umekwisha kupenyeza mizizi katika ufa. Akitokea mtu wa kuitengeneza, mara nyingi huja na saruji, na hapo madhara huongezeka, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, huufungia unyevu ndani, na lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Mafundi wanaojua kuichoma, kuiloweka na kuipiga wanazidi kupungua, na sioni vijana wengi wakijifunza kwao.

Tunao mfano wetu pia. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na vijana wa hapa wamejifunza kazi ndani yake. Naupongeza sana uamuzi huo, lakini boma ni jengo moja lililo kilimani, ilhali mji uko chini yake, na milango ya nakshi iko kwenye nyumba za watu. Kikwazo kikubwa cha nyumba hizo ni urithi: nyumba moja ina warithi kumi na zaidi, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Unguja, na hakuna anayeweza kuitengeneza bila idhini ya wenzake. Vijiji vya Italia navyo vinasumbuliwa na jambo hilo. Kwa maoni yangu, njia nyepesi ni familia zenye nyumba kuunda ushirika, nyumba zikabaki mali yao, mapokezi yakawa mamoja, na mapato yakagawanywa kwa mikataba inayosomeka.

Kuhusu chakula, nasikia watu wakisema kwamba hatuna cha kumwonyesha mgeni. Nyanya, ambayo leo huwezi kuifikiria Italia bila hiyo, ilitoka bara la Amerika na haikufika Ulaya kabla ya karne ya 16. Mkorosho nao uliletwa kwetu na Wareno kutoka Brazil, na muhogo asili yake ni hukohuko, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba korosho si ya Mtwara. Waitalia walichofanya ni kukifunga chakula na mahali kinapotoka, wakakilinda kwa sheria: jibini ya Parmigiano Reggiano hutengenezwa katika eneo lililotajwa tu na hukaa angalau miezi 12 kabla haijauzwa, na siki ya kimila ya Modena hukaa katika mapipa ya mbao kwa miaka 12 au zaidi. Sisi tunauza ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa kando ya barabara, na chumvi na pilipili pembeni, kisha mgeni akifika hotelini tunampa chipsi. Mgeni huyo angefurahi kupelekwa kwenye shamba la mikorosho wakati wa mavuno, akala bibo, tunda la mkorosho, lililoanguka asubuhi ileile, na akaona jinsi korosho inavyobanguliwa kwa mkono.

Hata katika ngome hatuna sababu ya kujiona wanyonge. Castel del Monte, iliyojengwa na mfalme Frederick II kusini mwa Italia karibu mwaka 1240, inasifiwa kwa umbo lake la pembe nane. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, ya karne ya 14, ina birika la kuogea la pembe nane, lakini naamini wanafunzi wengi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wanamaliza shule bila kuliona. Taasisi ya FAI ya Italia, inayohifadhi urithi wa nchi hiyo, imekuwa ikifungua ngome, bustani na majumba ya kale kwa wananchi kila majira ya kuchipua tangu mwaka 1993, na wanafunzi wa shule ndio huwaeleza wageni historia yake. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji walimu na ratiba.

Hata hivyo tusiige kila kitu. Civita di Bagnoregio, kijiji kilicho juu ya mwamba unaomeguka, kilianza kutoza kiingilio mwaka 2013, na kimepata fedha na sifa, lakini wakazi wake wa kudumu hawafiki ishirini. Mchana kimejaa wapita njia, usiku ni kimya. Sitaki Mikindani iwe hivyo, mtoto wa hapa asipate pa kuishi kwa sababu kila chumba kimekuwa cha mgeni, kwa hiyo mikataba ya ushirika iweke wazi tangu mwanzo kwamba sehemu ya kila nyumba itakaliwa na wenyewe.

Naiomba halmashauri, kwa kushirikiana na wataalamu wa mambo ya kale, iorodheshe nyumba hizo na warithi wake kabla ya masika ijayo, na zile zenye paa bovu zifunikwe kwanza, hata kwa makuti, wakati majadiliano mengine yakiendelea.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara